Kumbukumbu Moja, Mikono Mingi: Kwa Nini Taarifa ya Wizi Hushindana na Saa



Katika mabaraza tunayofanya pamoja nanyi, swali moja halikosi kuulizwa. Mwananchi husimama, akavua kofia yake, akasema: "Afande, mnatuambia kwamba siku hizi kumbukumbu ziko ndani ya kompyuta. Basi inakuwaje pikipiki iibwe Mbale asubuhi, na jioni iwe imeshavuka mpaka na kuuzwa?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile tunaloweza kulitoa jua linapozama na kila mtu anataka kurudi nyumbani.

Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili. Kumbukumbu iliyomo ndani ya kompyuta inatakiwa kutimiza masharti mawili kwa pamoja. La kwanza, iwe sahihi hata pale watu wengi wanapoigusa katika dakika moja. La pili, ifike kwa anayeihitaji kabla wakati wake haujapita. Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: "Haraka haraka haina baraka", na "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Wataalamu wa hifadhidata, yaani kumbukumbu kubwa zinazotunzwa katika kompyuta, wamekuwa wakihangaika kuzipatanisha methali hizo kwa zaidi ya miaka hamsini. Makala haya yanaeleza jinsi wanavyofanya hivyo, na ni sehemu gani ya kazi hiyo ambayo hakuna kompyuta inayoweza kuifanya badala yako wewe mwananchi.

Pikipiki moja, ofisi tatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa boda boda anaegesha pikipiki yake karibu na Mnara wa Saa mjini Mbale na kuingia dukani. Anapotoka, haioni. Saa nane mchana anafika kituo cha polisi kutoa taarifa. Dakika hiyohiyo, katika ofisi moja mjini Jinja, mtu mwenye karatasi za kughushi anaomba umiliki wa pikipiki hiyo uhamishiwe kwenye jina lake. Na dakika hiyohiyo, askari aliye kwenye kizuizi cha barabara karibu na Malaba anaingiza namba ya pikipiki hiyo ili ajue kama ina tatizo lolote.

Hapo kuna miamala mitatu. Muamala, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kazi moja kamili ya kusoma au kubadilisha kumbukumbu. Muamala wa Mbale unataka kuandika kwamba pikipiki imeibwa. Ule wa Jinja unataka kubadilisha jina la mwenye mali. Ule wa Malaba unataka kusoma tu. Kama ingekuja mmoja baada ya mwingine, kusingekuwa na shida yoyote. Shida ni kwamba inafika pamoja, na yote inagusa kumbukumbu moja.

Askari wa Malaba akisoma nusu dakika kabla ya Mbale kuandika, ataambiwa kwamba pikipiki haina tatizo, naye ataiachia ipite. Ofisi ya Jinja ikiwa imeisoma kumbukumbu kabla ya Mbale kuandika, kisha ikairudisha baada ya Mbale kuandika, jina jipya litaingia na alama ya wizi inaweza kufutika. Katika yote hayo, hakuna aliyebonyeza kitufe kibaya wala aliyepokea hongo. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na mali imepotea.

Shilingi laki nne zilizopotea bila mwizi

Ili kuuona ubaya wa jambo hili waziwazi, tuondoke kwenye pikipiki tuje kwenye fedha, kwa maana hesabu ya fedha haina ubishi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, na wasomaji wetu wengi wanaitumia kila siku. Tuseme mume na mke wana akaunti moja katika chama cha kuweka na kukopa, na ndani yake mna shilingi 500,000. Mume yuko Jinja, anaomba kutoa 400,000. Mke yuko Mbale, anaomba kutoa 300,000 kwa ajili ya ada ya shule. Wote wawili wanafika dirishani kwa wakati mmoja.

Kompyuta ya Jinja inasoma salio na kukuta 500,000. Kompyuta ya Mbale nayo inasoma na kukuta 500,000. Kila moja inaona kwamba fedha zinatosha. Ya Jinja inatoa 400,000 na kuandika salio jipya la 100,000. Ya Mbale inatoa 300,000 na kuandika salio la 200,000, juu ya ile 100,000 iliyokwisha kuandikwa. Fedha zilizotoka ni 700,000 kutoka katika akaunti iliyokuwa na 500,000, na bado daftari linasema kwamba zimebaki 200,000. Pengo ni shilingi 400,000. Ukitazama vizuri, pengo hilo ndilo lile tendo la Jinja ambalo limefunikwa na tendo la Mbale kana kwamba halikuwahi kufanyika.

Mweka hazina wa chama akilikuta pengo hilo jioni, jambo la kwanza atakalolifanya ni kumshuku karani. Sisi polisi tunaitwa, karani anahojiwa, na jina lake linachafuka mtaani. Kumbe hakuna mwizi. Kuna miamala miwili iliyoruhusiwa kuingiliana bila utaratibu.

Kufuli na foleni

Dawa ya kwanza ni kufuli. Muamala unaotaka kubadilisha kumbukumbu huifungia kwanza. Mwingine ukija hukuta mlango umefungwa na husubiri. Wa kwanza ukishamaliza hufungua, wa pili huingia na kusoma salio jipya. Katika mfano wetu, mume angepewa 400,000 zake, kisha mke angeambiwa kwamba zimebaki 100,000. Angesikitika, lakini angeambiwa ukweli.

Kufuli hili halina ukali usio na sababu. Wanaotaka kusoma tu huruhusiwa kusoma pamoja, hata wakiwa mia moja, kwa sababu kusoma hakuharibu kitu. Anayetaka kuandika ndiye anayehitaji kuwa peke yake. Mwaka 1976 watafiti wanne wa kampuni ya IBM, Kapali Eswaran, Jim Gray, Raymond Lorie na Irving Traiger, walieleza kanuni ambayo mpaka leo ni msingi wa mifumo mingi: muamala ukishaanza kufungua makufuli yake, usichukue tena kufuli jipya. Kanuni hiyo ikifuatwa na wote, matokeo yatakuwa sawa na kama miamala ingefanyika mmoja mmoja kwa zamu, ingawa kwa kweli ilikuwa ikienda pamoja. Jim Gray alipewa tuzo ya Turing mwaka 1998, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta, kwa kazi yake katika hifadhidata na miamala.

Hata hivyo kufuli lina hatari yake. Tuseme mfanyabiashara wa Jinja anatuma fedha kwa mwenzake wa Mbale, na yule wa Mbale anamtumia wa Jinja kwa wakati huohuo. Muamala wa kwanza umeifunga akaunti ya Jinja na unaisubiri ya Mbale. Wa pili umeifunga ya Mbale na unaisubiri ya Jinja. Ni malori mawili yaliyokutana katikati ya daraja jembamba, kila dereva akimngoja mwenzake arudi nyuma. Yanaweza kukaa hapo mpaka asubuhi.

Mfumo mzuri huligundua fundo hilo, huchagua muamala mmoja, huurudisha nyuma mpaka ulikoanzia, huuachia mwingine upite, kisha ule uliorudishwa hujaribiwa tena. Kwa hiyo, unapoona katika simu yako maneno ya kukuomba ujaribu tena baadaye, huenda fedha zako hazijaibwa. Huenda muamala wako ndio ulioombwa kurudi nyuma ili daraja lifunguke.

Daftari lisilofutwa

Jambo la pili linalotakiwa ni kwamba muamala ukamilike wote au usifanyike kabisa. Fedha zikitoka Jinja na umeme ukakatika kabla hazijaingia Mbale, haikubaliki kwamba ziwe zimepotea njiani. Aidha zifike, aidha zirudi.

Kwa hili kompyuta hutumia mbinu ambayo kila askari anaijua. Katika kituo cha polisi kuna daftari la matukio ya kituo. Kila taarifa inayoletwa huandikwa humo kwa mfuatano na kupewa namba yake ya kumbukumbu. Kurasa hazichanwi, na maandishi hayafutwi. Kosa likitokea, hurekebishwa kwa namna ambayo maandishi ya kwanza yataendelea kusomeka. Hifadhidata nayo ina daftari lake. Kabla ya kubadilisha kumbukumbu yenyewe, huandika kwanza daftarini kile inachokusudia kukifanya. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta hulifungua daftari hilo na kulisoma: kazi hii ilikuwa imekamilika, basi ithibitishwe, kazi hii ilikuwa nusu, basi ifutwe na kurudishwa kama ilivyokuwa.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mwananchi asiondoke kituoni bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Namba hiyo ndiyo uthibitisho kwamba taarifa imeingia daftarini. Taarifa iliyosemwa kwa mdomo tu langoni mwa kituo ni muamala ambao haukuandikwa popote, na taa zikizimika hakuna wa kuurudisha.

Usahihi uliochelewa

Mpaka hapa tumezungumzia usahihi. Sasa tuje kwenye saa, kwa sababu hapo ndipo pikipiki yetu inapotoweka.

Kutoka Mbale hadi Lwakhakha ni mwendo wa kilomita zipatazo 45. Mwendesha pikipiki mwenye haraka anaweza kufika mpakani katika muda usiozidi saa moja. Taarifa ya wizi ikifika kizuizini baada ya saa mbili, itakuwa sahihi kwa kila herufi: namba ni ileile, rangi ni ileile, jina la mwenye mali ni lilelile. Lakini haitamsaidia mtu.

Mifumo inayohesabu wakati kuwa sehemu ya usahihi huitwa mifumo ya wakati halisi. Humo kila muamala una muda wake wa mwisho, na miamala hugawanywa kufuatana na kile kinachotokea muda huo ukipita. Iko kazi ambayo ikichelewa huleta maafa, kama vile amri ya kufunga breki za treni. Iko ambayo ikichelewa hupoteza thamani yote, kama kukagua namba ya chombo kilichosimama kizuizini: kikishaondoka, jibu halina kazi. Na iko ambayo thamani yake hupungua polepole, kama ripoti ya mwezi, ambayo ikichelewa kwa siku mbili itakaripiwa lakini bado itasomwa.

Taarifa nazo zina umri. Wakazi wa Mbale hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilisababisha mito Nabuyonga na Namatala kufurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kipimo cha kina cha mto kilichochukuliwa saa mbili kabla ya mafuriko si uongo. Kilikuwa kweli kilipopimwa. Lakini kwa mtu anayelala kando ya mto, ukweli wa saa mbili zilizopita hauna tofauti na uongo. Vivyo hivyo kwa makontena yanayopita Malaba na Busia. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda hutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo kwa kufuli za kielektroniki zinazotuma habari za mahali lori lilipo. Habari hizo zina faida zikiwa mbichi. Zikizeeka, lori lishafika kwingine.

Nani ahudumiwe kwanza?

Ikiwa miamala mingi inasubiri na kila mmoja una muda wake wa mwisho, upi utangulie? Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walithibitisha kwamba, kwa mashine moja, kanuni ya kumtanguliza yule ambaye muda wake unakwisha mapema zaidi haina mshindani: ikiwa upo mpango wowote unaoweza kuwahi kazi zote, kanuni hiyo nayo itaziwahi. Mashine inapolemewa, kazi ambazo muda wake umekwisha kupita huondolewa foleni ili zisizizuie zile ambazo bado zinaweza kuokolewa.

Hapa tungependa kugusa lalamiko ambalo tumelisikia Jinja na Mbale vilevile. Mzee amefika kituoni saa tatu asubuhi kutoa taarifa ya kitambulisho kilichopotea wiki iliyopita. Anaketi kwenye benchi. Dakika kumi baadaye anaingia kijana anayehema, na askari anamwacha mzee na kumhudumia kijana. Mzee anaumia moyoni. Anajiuliza kama kijana huyo ni ndugu wa afande, au ametoa chochote.

Mzee wetu, kijana huyo amenyang'anywa pikipiki dakika kumi na tano zilizopita. Muda wake wa mwisho unapimwa kwa dakika. Wa kitambulisho unapimwa kwa siku. Askari anapaswa kukuomba radhi na kukueleza sababu, na asipofanya hivyo anakosea. Vilevile ni makosa kumwacha mzee akae mpaka jioni kwa sababu kila mara anatokea mwenye haraka zaidi. Mifumo mizuri ya kompyuta imeliona tatizo hilo: kadiri kazi inavyosubiri, ndivyo kipaumbele chake kinavyoongezwa, hadi zamu yake inafika. Kaunta ya polisi inapaswa kuwa hivyohivyo. Kipaumbele hakinunuliwi. Kutoa taarifa ya kosa ni bure, na dhamana ya polisi ni bure.

Ambulansi nyuma ya lori la mahindi

Kufuli na kipaumbele vikikutana, huzaliwa tatizo ambalo liliwashangaza hata mabingwa. Wasafiri wa Jinja wanakumbuka kwamba, kabla ya daraja jipya la Mto Naili kufunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, magari ya barabara kuu ya Kampala yalikuwa yakipita juu ya bwawa la Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954. Tufikirie kwamba lori la mahindi liko mwisho wa njia hiyo nyembamba, na nyuma yake kuna ambulansi inayokimbilia hospitali ya Jinja. Mbele ya lori, taksi zinazotoka barabara ya pembeni zinapita mfululizo, na kwa kuwa zina haki ya njia kuliko lori, lori haliwezi kutoka. Ambulansi ina haki kuliko wote. Lakini inalisubiri lori, na lori linazisubiri taksi. Kwa hiyo mgonjwa anazisubiri taksi.

Jambo hilohilo lilikipata chombo cha Marekani kilichotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kiitwacho Mars Pathfinder. Kazi ndogo ya kompyuta yake ilikuwa imeshika kufuli lililohitajiwa na kazi kubwa, na kazi za kati zikaizuia ile ndogo isimalize. Kazi kubwa ilipochelewa kupita kiasi, mlinzi wa mfumo alidhani kuna hitilafu na kuiwasha kompyuta upya, tena na tena. Wahandisi waliokuwa duniani walilitambua tatizo na kulirekebisha kwa kutuma amri angani.

Dawa waliyoitumia ni ile ambayo askari mwerevu wa barabarani angeitumia bwawani. Askari hawezi kuirusha ambulansi juu ya lori. Anachofanya ni kuzisimamisha taksi na kulipa lori haki ya ambulansi, kwa dakika moja tu, mpaka litoke darajani. Kisha lori hurudi kuwa lori. Katika kompyuta, muamala mdogo uliomzuia mkubwa hupewa kwa muda kipaumbele cha mkubwa huyo ili uachie kufuli upesi. Basi ukimwona askari wetu akilifungulia njia gari lisilostahili, usiharakishe kumhukumu. Tazama kwanza ni nani aliye nyuma yake.

Saa mbili ya nani?

Kando ya mpaka kuna ugumu wa ziada: kumbukumbu haziko katika kompyuta moja, wala katika nchi moja. Busia, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya tarehe 24 Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, lakini kila upande una mifumo yake. Polisi wa nchi zetu hushirikiana kupitia EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa Kampala mwaka 1998, na kupitia INTERPOL, yenye hifadhidata ya kimataifa ya magari yaliyoibwa. Kila taarifa inayovuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine hutumia muda, na mtandao ukikatika, upande mmoja hubaki na nakala ya zamani. Hapo mfumo una njia mbili tu: kujibu kwa nakala ya zamani, au kumsubirisha anayeuliza mpaka mtandao urudi. Kila njia ina gharama yake.

Ili kujua tendo lipi lilitangulia, mifumo hutegemea saa iliyoandikwa kwenye kila kumbukumbu. Na hapa tuna mtego wetu wenyewe. Mwananchi akisema "saa mbili", kwa Kiswahili anamaanisha saa mbili baada ya jua kuchomoza au kuzama. Karani anayeandika kwa Kiingereza anaweza kuandika 2:00 badala ya 8:00. Kosa hilo dogo linaisogeza taarifa kwa saa sita. Wizi wa saa mbili usiku, yaani 20:00, ukiandikwa kuwa wa 14:00, mtu aliyeonekana na pikipiki hiyo saa kumi jioni ataonekana mwizi, kumbe ndiye mwenye mali akiwa kazini.

Sehemu iliyo mikononi mwako

Kompyuta inaweza kupanga foleni, kufunga na kufungua, na kukumbuka. Haiwezi kuandika kile ambacho hakijasemwa. Kijana wetu wa Mbale akizunguka mjini kwa saa mbili akiulizia kwa marafiki kabla ya kuja kituoni, hakuna mfumo duniani utakaozirudisha saa hizo. Kwa hiyo tunawaomba mambo haya:

Toa taarifa mara moja, kwa kufika kituo cha karibu au kwa kupiga simu 999 au 112, kisha ndipo uanze kutafuta. Uje na namba ya usajili, namba ya fremu na namba ya injini, kwa maana kibao cha namba hubadilishwa kwa bisibisi, lakini fremu na injini si rahisi. Ziandike leo, ungali na chombo chako, na uziweke mahali pasipo ndani ya chombo hicho.

Sema saa pamoja na sehemu ya siku, na umwombe askari akusomee alichoandika. Chukua namba ya kumbukumbu. Ukilazimika kwenda kituo cha pili, onyesha namba ya kituo cha kwanza, ili wizi mmoja usiwe na kumbukumbu mbili zinazopingana.

Ukinunua pikipiki, ng'ombe au gari, ukaguzi ufanyike siku na saa ya kulipa, muuzaji akiwepo. Ukaguzi wa jana ulikuwa kweli ya jana. Kati ya jana na leo, mwenye mali anaweza kuwa ameshatoa taarifa, na wewe ukajikuta umenunua kesi.

Ukituma fedha na usipate jibu, subiri ujumbe na utazame salio kabla ya kutuma tena. Wengi wanaolalamika kwamba wamekatwa mara mbili walituma mara mbili.

Na mali yako ikipatikana, rudi kituoni utoe taarifa hiyo vilevile. Mwenye mali anayefurahi na kunyamaza huacha alama ya wizi ikiwa hai. Mwezi mmoja baadaye atasimamishwa kizuizini juu ya pikipiki yake mwenyewe, naye ataapa kwa majina yote kwamba ni yake, na askari hatakuwa na sababu ya kumwamini mpaka kumbukumbu isahihishwe.

Kwa upande wetu, tunajua kwamba mwananchi atakuja mapema ikiwa tu anaamini kwamba atasikilizwa mapema. Ukifika kaunta na taarifa ya wizi wa muda huu, sema hivyo waziwazi, na usisubiri kuitwa. Askari asipoiandika mbele yako, mwombe mkuu wa kituo. Unayo haki hiyo, na dakika unazoziokoa ni zako.